Mstari Ambao Jirani Hakuuandika

JIKO LA SHANGAZI: barua zenu na majibu yangu

Sikukuu zikikaribia, mkoba wangu wa barua huumuka kama kinyunga kilichosahauliwa karibu na jiko. Za mwezi huu nimezisoma mezani, chai mkono mmoja, mkono wa pili daftari la marehemu mama: lile la jalada la kijani, kurasa zimegandana kwa siagi. Ukurasa wa keki ya matunda una mistari miwili tu. "Siagi, sukari, mayai, unga, matunda. Oka mpaka iive." Mama hakuwa mchoyo. Aliandika alichoona kinafaa kuandikwa, na yaliyobaki mkono wake ulikuwa unayajua. Nani huandika namna ya kutembea?

Nalitaja daftari hilo kwa sababu barua zenu karibu zote zinaumwa ugonjwa mmoja. Umepewa pishi na mtu anayelijua mno, na lile analolijua mno ndilo alilosahau kukwambia. Nimefundisha sayansi kimu miaka 28, na bado nikiombwa pishi na mtu njiani huruka hatua. Basi leo nitafanya kazi moja: kutafuta mstari uliorukwa.

"Shangazi, shikamoo. Jirani alinionjesha matango yake ya maji ya chumvi, nikaomba anifundishe. Akasema: maji, chumvi vijiko vitatu, kitunguu saumu, funika, subiri. Yake ukiyang'ata yanalia. Yangu yamelegea kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Nahisi amenificha kitu." Mwenye Matango Malegevu

Marahaba, mwanangu. Usimdhanie vibaya jirani. Amekwambia vijiko vitatu; hakukwambia kijiko kipi wala maji kiasi gani. Kijiko cha chumvi laini ni kizito kuliko kijiko kile kile cha chumvi ya chenga, maana katikati ya chenga kuna hewa. Yeye ana kijiko chake na mtungi wake, na wawili hao wameshazoeana. Wewe pima kwa mizani. Matango mazima yanataka gramu 40 hadi 50 za chumvi kwa kila lita ya maji. Kabichi ni habari nyingine: ikatwe nyembamba, itiwe gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo, ikandwe kwa mikono mpaka itoe maji yake yenyewe.

Chumvi inabanwa hivi kwa sababu mtungi huo hauna siki. Uchachu wote unaletwa na bakteria wanaokula sukari iliyomo kwenye tango na kutoa asidi ya laktiki. Hao wanaivumilia chumvi kuliko wale wa kuozesha. Ukiipunguza, wa kuozesha nao wanapata kiti, na hao ndio waliokulegezea matango.

Lakini kuna mshukiwa mwingine. Tango lina ncha mbili, ya kikonyo na ya pale ua lilipokuwa. Ncha ya ua ina vimeng'enya vinavyolainisha tango, hata chumvi ikiwa sawasawa. Kata milimita 2 au 3 utupe. Kama huzitofautishi, kata ncha zote mbili, hasara yake ni ndogo. Kisha mwulize jirani kama hatii jani lolote mtungini. Wengi hutia jani la mzabibu au kijiko kidogo cha majani makavu ya chai, kwa ajili ya tanini iliyomo, ambayo huvizuia vimeng'enya hivyo. Ninavyohisi, jirani yako analitia na anadhani ni pambo.

Penye nyuzi joto 18 hadi 22 matango huwa tayari kwa wiki mbili au tatu. Anza kuonja siku ya tano. Penye joto zaidi mambo huenda mbio, na tango huwahi kulegea, kwa hiyo likishapata uchachu unaoupenda lihamishie kwenye friji. Yote yazame chini ya maji. Mimi huyakandamiza kwa kisahani kidogo. Utando mweupe ulio bapa juu ya maji hauna ubaya, uengue. Ukungu wenye manyoya, uwe wa kijani, mweusi au waridi, mwaga mtungi mzima na usionje hata kidogo.

Halafu hilo neno "funika". Funika, usikaze. Mtungi unaochachuka unatoa gesi. Nikiwa mwalimu kijana nilikaza mtungi wa kabichi nikauhifadhi kabatini chini ya suti ya mume wangu, mahali pa giza kama nilivyoelekezwa. Ulipasuka saa nane za usiku. Mume wangu alitoka na fimbo akitafuta mwizi. Suti ilinuka kabichi mpaka siku ya kugawiwa.

"Mama, kitunguu saumu nilichotia kwenye siki kimegeuka bluu. Nimwage? Na je, wifi yangu amenipa njia yake ya kukihifadhi kibichi ndani ya mafuta, kabatini, miezi. Ipi bora?" Mama Mtungi

Cha bluu kula. Ni salfa ya kitunguu saumu ikikutana na asidi, inabadilisha rangi tu. Wageni wakishangaa waambie ndiyo mitindo ya mwaka huu.

Cha wifi, mwanangu, hapo nakukataza kwa sauti ya darasani. Vitunguu saumu hutoka ardhini, na ardhini kuna mbegu za bakteria wa botulizimu. Bakteria hao wanapenda mahali pasipo hewa wala asidi ya kutosha, na mafuta yanawapatia vyote viwili. Sumu yao haina harufu, haina rangi, haibadilishi ladha, na inaua. Mbegu zenyewe hazifi hata kwa maji yanayochemka. Kwenye siki hawawezi kuota, maana pH, kipimo cha uchachu ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi, ikiwa chini ya 4.6 wanashindwa. Ndiyo maana nasisitiza siki yenye asidi ya asilimia 5, isomeke kwenye chupa, na maji unayoongeza yasizidi kiasi cha siki. Ukikuta pishi lenye kikombe kimoja cha siki na vikombe vitatu vya maji, achari hiyo ni ya kula wiki hii kutoka kwenye friji, hata kama chupa imefungwa vizuri namna gani.

Mafuta ya kitunguu saumu tengeneza kidogo, yakae kwenye friji, na siku ya nne yakiwa bado yapo yatupe. Mwambie wifi kwa upole, lakini mwambie leo. Na siki usiichemshe kwenye sufuria ya alumini. Inaila sufuria, na achari inapata ladha ya sarafu.

"Shangazi, kwa heshima zote. Toleo lililopita uliandika kwamba nyama ikaangwe kwanza ili 'kuyafungia maji yake ndani'. Mimi nimeuza nyama maisha yangu yote, na nyama iliyokaangwa naisikia ikichuruza maji kikaangoni. Yamefungiwa wapi?" Muuza Nyama Mstaafu

Umenikamata. Nilirudia nililofundishwa, na nililofundishwa lilienezwa na mkemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, katika karne ya 19. Wapishi wakalipokea kama amri. Ile sauti ya kuchuruza unayoisikia ndiyo ushahidi wenyewe: ni maji yanatoka. Baada ya barua yako nilichukua vipande viwili vya uzito sawa, kimoja nikakikaanga kwanza, kingine sikukikaanga, nikavipika pamoja na kuvipima. Kilichokaangwa hakikuwa kizito zaidi.

Kukaanga hata hivyo siachi. Juu ya nyuzi 140 hivi, protini na sukari za juu ya nyama zinaungana na kutoa ile rangi ya kahawia na mamia ya harufu. Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza jambo hilo mwaka 1912. Tunakaanga kwa ajili ya ladha. Na kwa kuwa maji hayapandi juu ya nyuzi 100, nyama mbichi yenye unyevu haiwezi kupata rangi mpaka maji yaishe, kwa hiyo ifute kwa kitambaa, na usijaze kikaango. Asante, mzee wangu. Hilo nalo nililiruka.

"Dada, nimestaafu na nimeamua kumpumzisha mke wangu jikoni. Mwenzangu wa zamani kazini alinipa pishi la nyama ya moto mdogo: nyama, maji, chumvi, saa nne. Nikanunua sarara safi isiyo na mafuta hata kidogo, nikafuata kila neno. Ilitoka kama kamba ya kuanikia nguo. Mke wangu alitafuna bila kusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma." Mwanafunzi Mzee

Kaka yangu, pole, na hongera kwa kumpumzisha wifi. Rafiki yako alisema "nyama" akimaanisha kitu kimoja, wewe ukasikia kingine. Aliyezoea kupika hivi akisema nyama anaona muundi machoni mwake.

Sarara hukaa mgongoni mwa mnyama, mahali pasipofanya kazi sana. Haina kano za kutajika. Muundi, shingo, bega, shavu na mkia ndivyo vilivyombeba na kumsogeza maisha yake yote, navyo vimejaa kolajeni, ile protini ngumu inayofunga nyuzi za nyama. Ukiipa maji na joto la kuanzia nyuzi 70 hivi, na vizuri zaidi kati ya 80 na 90, kolajeni inayeyuka taratibu na kuwa jelatini, ile inayofanya mchuzi ugande ukipoa na midomo inate ukila. Sarara haina kolajeni ya kuyeyusha. Saa zako nne zilifanya kazi ya kukamua maji tu.

Sasa kuna jambo ambalo sijaona mtu akiliandika kwenye karatasi anayomgawia mwenzake. Muundi, baada ya saa moja na nusu jikoni, ni mgumu kuliko ulivyoingia. Nyuzi za nyama zimeshajikunja na kutoa maji, na kolajeni bado haijayeyuka ya kutosha. Hapo ndipo mpishi anapouma kipande, anapata hofu, anaongeza moto, na sufuria inaanza kutokota kama mkutano wa hadhara. Moto mkali unazidi kuzikaza nyuzi. Usiguse kitu. Unachotaka juu ya mchuzi ni kiputo hapa, kitambo kidogo, kiputo pale.

Ninavyofanya mimi: kilo moja na nusu ya muundi wenye mfupa, naipaka gramu 15 za chumvi usiku uliotangulia na kuiacha kwenye friji bila kifuniko, uso wake ukauke. Asubuhi naikaanga kwa mafungu mpaka ipate rangi pande zote, naitoa. Kwenye mafuta yale yale navipika vitunguu maji vitatu vikubwa kwa moto wa wastani dakika 15, na hapa naomba usidanganyike, dakika tano hazitoshi. Natia kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo, nayo niikaange mpaka iive rangi ya matofali. Kisha punje sita za kitunguu saumu, karafuu tatu, pilipili manga. Namwaga maji kikombe, nakwangua chini ya sufuria kwa mwiko wa mti, maana ile gamba iliyoshika ndiyo utamu wote. Nyama inarudi, maji yanafika nusu yake tu, hayaifuniki. Kifuniko kizito, oveni nyuzi 150, saa tatu hadi tatu na nusu. Saa haitakwambia kama imeiva, uma utakwambia. Uchome, uuzungushe. Nyama ikizunguka nao bila ubishi, imekubali.

Kama huna oveni, ichemshe sufuria nzito ikiwa na kifuniko dakika 20, iwe imejaa vizuri, kisha ifukie ndani ya sanduku au kapu lililoshindiliwa mablanketi, saa nne au tano, bila kuchungulia. Ukifungua mchuzi unatakiwa uwe bado wa moto usioweza kutia kidole, zaidi ya nyuzi 60. Irudishe jikoni ichemke, umalizie hapo kama bado.

Na jaribu kuila kesho yake. Mafuta yanaganda juu unayaondoa kama kifuniko, ladha imetulia. Ila usiache sufuria nzima ipoe mezani usiku kucha. Igawe kwenye vyombo bapa, iingie friji ndani ya saa mbili. Wifi atasema kitu safari hii.

"Shikamoo Shangazi. Binti yangu kaninunulia jiko la umeme la kupikia polepole. Rafiki yake akatuelekeza maharage mekundu: tia maharage, maji, kitunguu, washa joto la chini, nenda kazini. Jioni yalikuwa bado yana ugumu kidogo, tukala hivyo hivyo. Nyumba nzima tulitapika. Jiko ni bovu?" Bibi wa Wawili

Marahaba, na poleni sana. Jiko halina kosa. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini, na sumu hiyo inavunjwa na mchemko halisi. Jiko la polepole kwenye joto la chini linaweza kuishia nyuzi 75 au 80, na maharage yaliyopikwa kwa joto hilo yanaweza kuwa na sumu kuliko hata yakiwa mabichi. Yaroweke angalau saa tano, mwaga maji hayo, yachemshe kwenye jiko la kawaida kwa maji mapya, yatokote kwelikweli nusu saa. Baada ya hapo ndipo yahamie kwenye jiko la binti. Rafiki yake bila shaka hutumia ya kopo, ambayo yameshapikwa, na hakufikiria kulisema.

Jingine moja kuhusu jiko hilo: nyama ya barafu isiingie humo. Inakaa muda mrefu kwenye uvuguvugu ambao vijidudu wanaupenda.

"Shangazi wangu, keki ya matunda ya dada yangu ni sifa ya ukoo. Kanipa pishi kikombe kwa kikombe, vikombe vitatu vya unga. Yangu: matunda yote yamelala chini kama mawe mtoni, juu imepasuka. Dada anacheka." Mdogo Mtu

Mwache acheke, kisha mwombe achote kikombe kimoja cha unga mbele yako na ukiweke kwenye mizani. Anayezamisha kikombe kwenye kopo la unga hupata kama gramu 150. Anayemimina kwa kijiko kwa adabu hupata 120. Kwa vikombe vitatu mmeachana gramu 90. Nadhani wewe ndiye mwenye adabu: rojo lako lilikuwa jepesi, halikuweza kuyabeba matunda. Kuyapaka matunda unga kabla ya kuyatia, ambako kila mtu hukushauri, kunasaidia kidogo tu. Rojo zito ndilo linaloyashika. Yakiwa yalirowekwa, yachuje na kuyakausha kwa kitambaa. Tunda lililolowa linateleza.

Kupasuka ni oveni. Ukiwa moto umezidi, gamba la juu linakauka kabla tumbo la keki halijamaliza kupanda, na likipanda linatafuta pa kutokea. Kitufe cha oveni kikisema 150, ndani inaweza kuwa 170. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni ni kitu kidogo chenye kumaliza ugomvi mwingi wa kifamilia.

Yangu, ili uwe na namba za kushindana na dada: siagi gramu 225, sukari ya kahawia gramu 225, mayai manne, unga gramu 250, matunda makavu gramu 750, vijiko vidogo viwili vya viungo, na chumvi kidogo. Siagi iwe laini ya kubonyea kwa kidole, nyuzi 18 hadi 20, siyo iliyoyeyuka, na mayai yatoke kwenye friji mapema, kwani yai la baridi linafanya siagi igande vipande na mchanganyiko ukatike. Bati la kipenyo cha sentimita 20, lenye karatasi ya kuokea safu mbili chini na pembeni, nyuzi 150, karibu saa tatu. Anza kuchungulia saa mbili na nusu. Matunda mimi huyaroweka kwenye chai kali usiku mmoja. Keki ya namna hiyo haikai wiki nyingi kama iliyonyweshwa pombe, basi ioke siku chache tu kabla ya sikukuu, au ifungwe vizuri na kugandishwa.

Nikiri kwamba hata kwa namba hizi yangu ilikuwa ikizama katikati kwa miaka. Nitarudi hapo.

"Shangazi, mkate mtamu wa mdalasini. Shoga yangu kasema nisibanie mdalasini, nikatia vijiko vitatu kwenye unga. Haukuumuka kabisa. Hamira imekufa?" Mpenda Viungo

Hamira umeichosha. Mdalasini una kemikali inayozuia fangasi, na hamira nayo ni fangasi. Shoga yako, nakuhakikishia, anautia mdalasini kwenye siagi na sukari ya kupaka ndani kabla ya kuukunja mkate, siyo kwenye kinyunga. Sukari nayo ikizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa unga inainyima hamira maji, kwa hiyo mkate mtamu huumuka polepole na unastahili muda mara mbili ya mkate wa kawaida, au usiku mzima kwenye friji. Tazama kinyunga, usitazame saa. Na maziwa yawe ya uvuguvugu: yakifika nyuzi 60, hapo kweli itakuwa imekufa.

"Mwenzangu, mimi ni mtu mzima kama wewe. Mjukuu wangu yuko mbali na anataka nimwandikie mapishi yangu kabla ya sikukuu. Nakaa na kalamu, naandika 'tia unga wa kutosha', naishia hapo. Nifanyeje?" Bibi Asiyepima

Mwenzangu, usiandike wewe. Pika, na mtu mwingine aandike. Mtafute kijana mmoja wa kukaa jikoni nawe akiwa na mizani. Kopo la unga alipime kabla hujachota na baada ya kuchota. Tofauti ndiyo "kutosha" yako. Sukari hivyo hivyo, mafuta hivyo hivyo. Na amwekee alama ya saa kila jambo unalolifanya, hata yale unayoyaona hayana maana. Hasa hayo.

Nilimfanyia hivyo mama mara moja, mwaka ambao alikuwa bado ana nguvu. Nilikuwa nimeshachoka na keki yangu ya matunda inayozama katikati wakati yake ilisimama kama meza. Nikakaa kwenye kigoda na daftari langu la darasani, nikapima kila kitu. Siagi ilikuwa sawa na yangu. Unga sawa. Oveni ilikuwa ile ile, maana nilihamia jikoni kwake makusudi. Keki ilipokaa ovenini saa tatu kasoro dakika kumi, akaichoma kwa kijiti, akakitazama, akazima oveni, akaondoka. Hakuitoa keki. Nikasubiri. Alirudi baada ya dakika 25, amevaa khanga nyingine, ndipo akaitoa.

Nikamwuliza kwa nini aliiacha humo. Akasema alikwenda kuoga, jasho lilikuwa limemzidi. Nikamwuliza kama hufanya hivyo kila mara. Akafikiri, akasema ndiyo, akioka keki lazima aoge. Keki ilikuwa inamalizia kuiva taratibu na kupoa bila kushtuka, na mimi miaka yote yangu naichomoa ikiwa moto na kuiweka dirishani kwenye upepo.

"Mama, mbona hukuandika?"

"Hiyo siyo kupika," akaniambia. "Hiyo ni kuoga."

Kwenye daftari la kijani, chini ya "oka mpaka iive", nimeongeza kwa kalamu nyekundu: zima oveni, nenda ukaoge, dakika 25.